Matanga Yakiisha, Wafiwa Wasiachwe Peke Yao



Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu ya asubuhi, bomu lililipuka nyuma ya Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Watu 213 walikufa, na maelfu waliumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha, hata wengine wakapofuka. Saa ile ile bomu jingine liliua watu 11 Dar es Salaam. Walikuwamo makarani, wanafunzi na wapita njia, watu walioaga nyumbani asubuhi wakitazamiwa kurudi jioni.

Mahali pale Nairobi pakafanywa bustani, iliyofunguliwa mwaka wa 2001, na majina ya marehemu yakachorwa ukutani. Tangu hapo jamaa zao wamekuwa wakikutana bustanini ifikapo tarehe 7 Agosti, wakaweka maua na kusali. Mgeni aweza kuuliza: Yafaa nini kuutonesha msiba wa zamani? Jibu ni kwamba msiba hauishi siku ya maziko, na mtu aliyefiwa hupata nafuu akiwa pamoja na wenzake waliofikwa na jambo lile lile.

Wazee walilijua neno hili. Pwani watu hulala matanga, kisha husoma hitima; na mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Huko Nyanza na nchi ya Waluhya majirani hukesha na wafiwa penye moto. Desturi hizo hutofautiana, lakini shabaha yake ni moja: mfiwa asiachwe peke yake na mawazo yake.

Lakini siku hizi mambo yamebadilika. Mjini mtu hukaa chumba cha kupanga, na ruhusa ya kazini ni siku chache. Watu huchanga fedha, husafirisha maiti hadi nyumbani, huzika, nao hutawanyika. Juma la pili mlango haubishwi hodi tena. Ndipo mjane huanza kukosa usingizi, chakula kikamshinda, na watoto wakanyamaza kimya. Shida kubwa huanza wakati wasaidizi wamekwisha kwenda zao.

Kwa hiyo yafaa kila kijiji na kila mtaa uwe na baraza la wafiwa. Halihitaji jumba wala fedha nyingi. Chumba cha kanisa, ua wa msikiti au kivuli cha mti chatosha. Watu wakutane mara moja kwa mwezi, kwa saa ile ile. Kila mtu apewe nafasi ya kumtaja marehemu wake kwa jina. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Yasemwayo hapo yasichukuliwe sokoni, kwa maana mtu aliyesengenywa mara moja hatarudi tena.

Tena yapasa watu wachunge ndimi zao. Mwanamume asiambiwe, "Jikaze, mwanamume halii." Mama aliyefiwa na mtoto asiambiwe kwamba atazaa mwingine. Wala watoto wasidanganywe kwamba baba amesafiri. Mtoto aliyeambiwa hivyo hutoka mbio kila basi lisimamapo, na kila mara hurudi ndani mikono mitupu. Aelezwe kweli kwa maneno machache na ya upole, kisha akumbatiwe.

Ikiwa miezi imepita na mtu bado hawezi kula, kulala wala kufanya kazi, au asema hataki kuishi, apelekwe hospitali upesi. Hiyo si aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Liko jambo jingine tena. Mara nyingi huzuni huongezwa na tamaa. Kaburi halijakauka, na jamaa wamekwisha kuchukua ng'ombe, vyombo na hati ya shamba. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yakataza mtu yeyote kutwaa au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Afanyaye hivyo aweza kutozwa faini au kufungwa. Baraza la wafiwa laweza kumsaidia mjane kupata hati ya kifo, na kumsindikiza mpaka kwa chifu na mahakamani, asiende peke yake kama mshtakiwa.

Hakuna baraza liwezalo kumrudisha marehemu. Lakini laweza kumrudisha aliye hai kwenye shamba lake, kazi yake na watoto wake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi kila aliyekwenda kuzika mwaka huu na akumbuke nyumba ile aliyoiacha na msiba wake, akabishe hodi. Hata asipokuwa na la kusema, aketi tu.