Aliyemaliza Kifungo Asifungwe Tena Kijijini
(Mada kwa wajumbe wa Haki na Amani, Izimbya)



Mada tuliyopewa inauliza kama mtu aliyekwisha kutumikia kifungo anastahili kuanza upya. Swali hili linatuhusu sisi wenyewe, kwa sababu anayetoka gerezani hurudi kitongojini kwake, kwenye kibanja cha baba yake, na mara nyingi karibu na jirani yule yule aliyemkosea.

1. Sheria yasemaje?

Hakimu anapohukumu huweka kipimo chenye mwanzo na mwisho. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 iliruhusu mfungwa mwenye tabia njema apunguziwe theluthi moja ya kifungo. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 ilifungua njia kwa baadhi yao kumalizia adhabu nje, chini ya uangalizi. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru mjini Mwanza, wafungwa 5,533 walipata msamaha huo. Taratibu hizi zote zimesimama juu ya imani moja, kwamba binadamu anaweza kubadilika. Tena Ibara ya 22 yasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi.

2. Sisi twafanyaje?

Mtu anarudi, anakuta kibanja kimekwisha kuuzwa. Akiomba kibarua msimu wa kuchuma kahawa, anaambiwa nafasi zimejaa. Akihitaji barua ya mwenyekiti wa kitongoji, anazungushwa. Mkungu wa ndizi ukikatwa usiku, jina lake hutajwa kabla ushahidi haujatafutwa, na pengine kundi lenye hasira humwendea na marungu. Hiyo ni hukumu ya pili, isiyo na hakimu, isiyo na utetezi, isiyo na tarehe ya mwisho. Aliyefungiwa milango yote halali atakwenda kwa nani, kama si kwa wale waliomfundisha wizi? Naye akirudia kosa, watakaoibiwa ni sisi.

3. Na aliyekosewa je?

Wapo wanaouliza: "Mnamhurumia mkosaji, nani atamhurumia aliyekosewa?" Hoja hii ni nzito. Mjane aliyeibiwa kahawa yake hakurudishiwa hata debe moja kwa sababu mwizi alilala gerezani. Kwa hiyo kuanza upya hakuna budi kuanze na ukweli. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Paulo, naye akiwa kifungoni, hakumficha Onesimo; alimrudisha kwa Filemoni, akajitolea kulipa deni lake. Mkosaji akiri, alipe hata kidogo kidogo, na apate mtu wa kumsindikiza.

Wala msamaha hauondoi busara. Aliyewadhuru watoto asikabidhiwe watoto, hata kama ametubu. Huo ni ulinzi, wala si kisasi. Bado aweza kulima, kufyatua matofali na kusali pamoja nasi. Vilevile aliyejeruhiwa asishurutishwe kumkumbatia aliyemjeruhi. Moyo wake una mwendo wake.

4. Mapendekezo

(a) Jumuiya imtembelee mfungwa kabla hajatoka, na kuwasihi wazee wa ukoo wamtunzie sehemu yake ya kibanja.
(b) Siku anaporudi, watu wawili wanaoheshimiwa wafuatane naye kwa mwenyekiti wa kitongoji.
(c) Aliyekosewa akiridhia, wakutanishwe mbele ya wazee, na mapatano ya fidia yaandikwe.
(d) Apewe kazi yenye ujira sawa na wa wengine, usiopunguzwa kwa kisingizio cha kifungo.
(e) Akikosa tena, apelekwe polisi kama mtu mwingine yeyote. Mtu asipigwe wala kuchomwa moto.

Ndugu zangu, mahakama imekwisha kuhukumu na adhabu imekwisha kutumikiwa. Kazi iliyobaki, ya kumrudisha mtu katika watu, haina askari wala hakimu wa kuifanya. Imeachwa mikononi mwetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo

1. Ni nani katika kitongoji chetu aliyerudi kutoka gerezani, nasi tulimpokeaje?
2. Aliyekosewa naye tumemsaidia nini hadi leo?
3. Ni kazi gani ambayo jumuiya yetu inaweza kumpa anayerudi?