MGONJWA WA SUKARI SI MLEVI

Maneno ya kamati ya tawi kwa wanachama, katika mkutano wa tarehe 14 Novemba



Leo hatutaanza na habari za mishahara. Tutaanza na damu ya mfanya kazi. Tarehe 14 Novemba ni siku ya ugonjwa wa sukari duniani kote. Ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa daktari Frederick Banting wa Kanada, mwaka wa 1891. Kwa nini chama chetu kimkumbuke daktari wa mbali hivyo, mtaona.

Kwanza tuwakumbushe jambo lililotupata. Mwenzetu mmoja, katika kiwanda ambacho hatutakitaja jina, alikuwa na ugonjwa huu naye akiuficha. Kila asubuhi alijidunga sindano chooni ili asionekane. Siku moja kazi ya kupakia magari ilizidi, saa ya chakula ikasogezwa mbele. Kufika saa nane u nusu mwenzetu alikuwa akitoka jasho, akipepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka. Msimamizi akasema, "Huyu amelewa," na askari akamtoa nje ya lango. Mama mmoja anayeuza chai pale nje akampa kikombe chenye sukari nyingi. Baada ya robo saa alikuwa mzima. Kesho yake alipewa barua ya kufukuzwa kazi kwa ulevi, naye hajaonja pombe maisha yake.

Ndugu, msimamizi yule hakujua. Hata sisi tuliokuwa karibu naye hatukujua. Basi tujifunze.

Ndani ya mwili mna homoni, nazo ni kama matarishi wa ofisini: hupita katika damu wakipeleka amri kutoka kiungo hata kiungo. Tarishi mmoja ni insulini, atokaye katika kongosho. Kazi yake ni kuamuru sukari iliyo katika damu ipokewe mwilini, iwe nguvu. Asipokuwapo, sukari hujaa katika damu na mwili hufa njaa katikati ya chakula. Dalili zake ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, kuchoka na vidonda visivyopona.

Zamani mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na dawa. Madaktari walimnyima chakula ili aongeze miezi michache tu. Mwaka wa 1921 Banting, daktari kijana ambaye wagonjwa hawakumjia, alianza kufanya majaribio katika Chuo Kikuu cha Toronto, kwenye maabara ya Profesa Macleod, akisaidiwa na mwanafunzi Charles Best. Baadaye alikuja James Collip, fundi wa kusafisha dawa. Januari 1922 walimdunga Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa. Sindano ya kwanza, tarehe 11, haikufaa, kwa maana dawa ilikuwa na uchafu. Collip akaisafisha usiku na mchana. Tarehe 23 mvulana alidungwa tena, sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi.

Mabwana hao waligombana sana juu ya sifa. Lakini juu ya fedha hawakugombana. Mwaka wa 1923 Banting, Best na Collip waliuza haki ya dawa ile kwa chuo chao kwa dola moja kila mtu, maana hawakutaka mtu mmoja aishike peke yake na kuwanyima wengine. Hata hivyo, miaka zaidi ya mia imepita, na wako wenzetu wanaopunguza kipimo ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Zawadi ilitolewa, lakini njiani imepata bei.

Yuko daktari mwingine anayetuhusu zaidi, Robert Lawrence wa London, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Ugonjwa ulimpata mwaka wa 1920, akaenda Italia akingojea kufa mbali na jamaa zake. Mwaka wa 1923 mwenziwe alimpelekea simu kwamba dawa imepatikana, arudi upesi. Akarudi, akapona nguvu zake, akawatibu wagonjwa miaka mingi. Naye aliona kwamba sindano peke yake haitoshi. Mwaka wa 1934, pamoja na mwandishi H. G. Wells, alianzisha chama cha wagonjwa wa sukari, wapate kusema kwa sauti moja. Ndugu, daktari yule alifanya kazi kama yetu.

Wala tusimsahau Bibi Rosalyn Yalow wa New York, ambaye alianza kwa kazi ya ukarani. Yeye na Dk. Solomon Berson walipata njia ya kupima homoni katika damu, hata ikiwa ni kidogo mno. Kwa njia hiyo ilionekana wazi kwamba wagonjwa wengi wa umri mkubwa wana insulini, ila mwili hauitii. Ndiyo sababu mmoja hupewa vidonge na mwingine sindano. Nao pia hawakutaka kuifanya njia yao kuwa mali yao.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama atakayemchagua. Hilo halikufanywa. Tuliingia ofisini na barua ya daktari wake, na leo yuko kazini. Lakini siku tisa alizokaa nyumbani hajalipwa, nasi twazidai.

Twawaomba haya:

1. Usifiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mjumbe wako, naye atunze siri yako.

2. Ukimwona mtu wa sindano anatetemeka na kupepesuka, mpe sukari, soda au chai tamu upesi. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani. Mlaze kwa ubavu, apelekwe hospitali.

3. Wajumbe, saa ya chakula isisogezwe ovyo. Kwa wengine ni raha, kwa huyu ni uhai.

4. Siku za ugonjwa ni haki. Baada ya miezi miwili kazini, sheria yatoa katika mwaka siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, ukileta cheti cha daktari. Siku ya kliniki nayo tutaitaka iandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

Madaktari wale walifanya sehemu yao katika maabara. Sehemu iliyobaki, ya kumfikisha mgonjwa mezani kwa saa yake na kliniki kwa siku yake bila kupoteza kazi, hakuna daktari atakayetufanyia. Ni yetu.

Umoja ni nguvu.