MSHIPA WA SHINGO UNAPOUMA



Tuweke vidole viwili kando ya koo, upande mmoja. Kinachodunda pale ni mshipa mkubwa wa damu. Tunayo miwili, kulia na kushoto. Inapeleka damu kichwani. Tusiiminye yote kwa pamoja. Mtu aweza kuzimia.

Hapo pakiuma, mara nyingi mshipa wenyewe hauna kosa. Sisi wa Kyela tunabeba magunia ya mpunga na mikungu ya ndizi. Misuli ya shingo inachoka. Jino bovu nalo huvimbisha tezi. Lakini shingo ikikakamaa pamoja na homa kali, hiyo ni hatari. Twende hospitali.

Tena, mtu akianguka mchikichini au kwenye pikipiki, mshipa waweza kuchanika ndani. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, hicho ni kiharusi. Tusimchue shingo. Tusingoje kesho. Awe Matema, Ipinda au Ngonga, afikishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Presha huharibu mishipa kimya kimya, bila maumivu. Basi twende tukapimwe.

Aliyesoma haya amsomee na jirani.