Nani Atamzuia Mwenye Nguvu?



Wengi wetu tunadhani katiba ni mambo ya mawakili wa Nairobi. Hapana. Katiba yetu ya kwanza ilitokana na mazungumzo ya Lancaster House, London, baina ya 1960 na 1963. Iliweka Seneti na mabaraza ya majimbo ili serikali kuu isijichukulie kila kitu. Haikudumu. Kabla ya 1966 kwisha, Bunge lilikuwa limepitisha Seneti ivunjwe. Mwaka 1982 tukawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Lakini mimi naona 1988 ulikuwa mbaya zaidi: majaji waliondolewa kinga ya kazi zao, hadi 1990 iliporudishwa. Hebu fikiria ndugu yangu, unaidai serikali shamba lako, na jaji anajua akikupa haki huenda kesho hana kazi. Utapata nini hapo?

Matunda yake tuliyaona. Baada ya kura ya 2007 upinzani ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauna imani nayo. Ugomvi ukahamia barabarani, na sisi wa Eldoret hatuhitaji kusimuliwa yaliyofuata.

Katiba ya sasa ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, ikatangazwa rasmi Ijumaa tarehe 27, ndani ya Ramadhani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanne kwa wawili, ikafuta uchaguzi wa Rais aliye madarakani. Fujo hazikuisha zote, ni kweli, ila safari hii palikuwa na mlango wa kubisha.

Na mahakama ya Kadhi je? Mizizi yake ni mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na serikali ya Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa Pwani. Leo imo kifungu cha 170: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, na iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali. Kadhi naye ana mpaka wake, asipitilize.

Sasa kaunti. Gavana hawezi kutumia bajeti ya Uasin Gishu mpaka bunge la kaunti, hapa hapa mjini, liipitishe, na kifungu cha 196 kinalitaka lishirikishe wananchi. Kijana, uliza ofisi ya wadi yenu mkutano ni lini, uende na mwenzako.