Antoine Gizenga na Haki ya Bunge

Uwanja huu wa ndege wa Simi-Simi unatajwa zaidi kwa alfajiri ya 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliporuka hapa kutoka kwenye ndege za Marekani. Vita vile vimefunika jambo lililotangulia. Tangu 12 Desemba 1960 mji wetu, ukiitwa bado Stanleyville, ulikuwa makao ya serikali iliyojitangaza kuwa ndiyo halali ya Kongo nzima, chini ya Antoine Gizenga, mzaliwa wa Kwilu. Wengi humweka kapu moja na Tshombe wa Katanga, kwamba wote waliigawa nchi. Naona hukumu hiyo inamdhulumu. Tshombe alitaka kutoka Kongo. Gizenga alidai kwamba serikali iliyopata imani ya Bunge haiwezi kufukuzwa kwa tangazo la redio.

Turudi Septemba 1960. Tarehe 5, Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwachisha kazi Waziri Mkuu Lumumba pamoja na mawaziri sita, Gizenga, naibu wa Lumumba, akiwa mmoja wao. Watetezi wa Kasavubu husema Sheria ya Msingi ilimpa rais mamlaka hayo, na kwamba mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, walitia saini. Kwa maandishi matupu, hoja hiyo ina nguvu. Lakini sheria ile iliigwa Ubelgiji, ambako mfalme huteua na kufukuza kwa jina tu, na uhai wa serikali umo mikononi mwa wabunge. Uingereza ni vivyo hivyo: Machi 1979 serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310, na hakuna aliyemwomba malkia aamue. Wabunge wetu walilielewa hilo. Tarehe 7 Baraza la Wawakilishi lilibatilisha ufukuzaji kwa kura 60 dhidi ya 19, na kesho yake Seneti nayo ikaukataa. Jibu walilopata ni Kanali Mobutu, aliyetangaza tarehe 14 kwamba anawasimamisha wanasiasa wote. Kwa hiyo Gizenga alipopanda huku, Bunge alilolitetea lilikuwa limefungiwa milango.

Kuna pingamizi zito zaidi, nami silikwepi. Februari 1961, baada ya habari za kifo cha Lumumba na mauaji ya wafuasi wake huko Bakwanga, wafungwa wa kisiasa waliuawa mjini humu, akiwemo Alphonse Songolo, aliyekuwa waziri wa Lumumba mwenyewe. Damu ile haina utetezi, na serikali ya hapa inawajibika. Ila kosa hilo halithibitishi kwamba dai lake la kisheria lilikuwa la uongo. Kipimo cha dai ni siku Bunge lilipofunguliwa tena. Wabunge wake walikwenda kwenye kikao hicho huko Lovanium Julai 1961. Adoula alipopata kura za kuwa Waziri Mkuu tarehe 2 Agosti, Gizenga alimtambua na kukubali kuwa naibu wake. Anayetaka kujitenga hafanyi hivyo.

Alipojikwaa kweli ni Oktoba, aliporudi Stanleyville na kugoma kwenda mji mkuu hata Bunge lilipomwita. Hapo alivunja kanuni yake mwenyewe, na Januari 1962 Bunge likamwondoa kwa haki. Kilichofuata hakikuwa haki: alifungwa katika kisiwa cha Bula-Bemba, kwenye mlango wa mto wetu, hadi Julai 1964, bila kuhukumiwa.

Baada ya miaka mingi ya uhamishoni, mwaka 2006 alipata takribani asilimia 13 ya kura za urais, akashika nafasi ya tatu, akamuunga mkono Joseph Kabila katika duru ya pili. Wapo waliolaumu kwamba mfuasi wa Lumumba aliuza jina lake kwa cheo cha Waziri Mkuu, kisha akakaa kimya serikalini. Kuhusu ukimya wanayo haki: wananchi walistahili kusikia mengi zaidi kutoka kwa Waziri Mkuu wao. Lakini cheo kile alikipata kwa muungano wa vyama wenye wingi bungeni, na Bunge likaipa serikali yake imani Februari 2007. Septemba 2008, akiwa na miaka karibu 83, alijiuzulu mwenyewe, na Adolphe Muzito wa chama chake cha PALU akashika nafasi yake.