Afya ya Mwanafunzi ni Usalama wa Chuo

Hotuba kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi



Huenda wapo wanaojiuliza polisi wana habari gani na afya. Tunayo, kwa maana maradhi yasiyotibiwa mara nyingi hutufikia yakiwa yamevaa sura nyingine: ugomvi wa usiku hostelini, wizi wa simu, au mwanafunzi asiyejulikana aliko.

Tuanze na mwili. Mwenye njaa na usingizi hawezi kushika mashine ya kuchomelea vyuma bila kujihatarisha. Chandarua, maji safi na mlo wa mchana ni vifaa vya masomo, sawa na nyundo na daftari. Homa nayo ipimwe mapema, isingojee mtihani uishe.

Pili, akili. Karo huchezewa kamari ya mpira, ikapotea. Mwanafunzi akaona haya kumweleza mzazi, akaacha kula, akajitenga na wenzake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25. Mwenye duka la kamari anayempokea kijana wa miaka 20 anavunja sheria. Tuleteeni habari zake. Nanyi wazazi, pokeeni ukweli wa mtoto kabla ya kudai fedha.

La mwisho ni zito. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Tunajua mnachokiogopa: Sheria ya Adhabu ingali inaliita jaribio la kujiua kosa, na kwa hofu hiyo wenzake humficha chumbani. Msimfiche. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 imeweka njia ya kumtibu mgonjwa. Mwenzenu akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimwache peke yake. Ondoeni dawa na sumu za shambani zilizo karibu naye, mwiteni mlezi, mpelekeni kituo cha afya. Mkikwama, pigeni 999 au 112, mwombe msaada wa kumfikisha kwa daktari.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Semeni mapema, nasi tutasikiliza.