Mti Chotara wa Maua Katika Nchi ya Jangwa



Leo napenda kuwaeleza habari za mti uitwao chitalpa, na jinsi unavyotunzwa katika jangwa la Arizona, huko Marekani. Mji wa Phoenix hupata mvua kiasi cha inchi 7 tu kwa mwaka, na joto la kiangazi hupita digrii 40 za Sentigredi. Hata hivyo mti huu huchanua huko maua meupe au ya rangi ya waridi.

Chitalpa ni mti chotara. Ulizalishwa mjini Tashkent, nchini Uzbekistan, katika miaka ya 1960, ukafikishwa Marekani mwaka wa 1977. Mzazi wake mmoja, chilopsi, ni mti wa makorongo makavu ya jangwani, wenye kustahimili kiu. Mzazi wa pili, katalpa, hutoka katika nchi ya mvua, kusini-mashariki mwa Marekani. Wote wawili ni wa jamaa moja na mjakaranda, tuujuao sana hapa Kenya.

Yapasa mche upandwe wakati joto linapopungua, yaani mwezi wa Oktoba au Novemba, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Shimo liwe na kina sawa na donge la mizizi, lakini upana wake uwe mara mbili au tatu. Kwanza lijazwe maji. Yasiponywea, huenda chini pana tabaka gumu la chokaa, nalo sharti livunjwe, ama sivyo mizizi itaoza.

Sasa nisemeni juu ya maji, maana hapo ndipo wengi huharibu. Methali yetu husema, haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwa mti huu haba na haba huleta hasara. Maji kidogo ya kila siku hulowesha udongo wa juu tu. Mizizi hubaki juu kwenye joto, na chumvi ya maji hukusanyika papo hapo. Afadhali kunywesha kwa nadra, lakini maji yafike chini futi 2, yakiisukuma chumvi mbali. Katika kiangazi cha kwanza mche hunyweshwa mara nyingi zaidi. Baadaye siku za kungojea huongezwa polepole.

Jambo la mwisho ni kubwa. Mti huu ni tasa, hauzai mbegu. Huzidishwa kwa vipandikizi. Basi mtu akikata kipandikizi katika mti mgonjwa, hupanda ugonjwa. Huko New Mexico miti hii imeonekana na ugonjwa wa bakteria uunguzao kingo za majani, nao hauna dawa ya kuuponya. Kwa hiyo chagueni mti mzima, wenye majani safi, kabla ya kushika kisu. Mti usioweza kujizalia mrithi hutegemea macho na mkono wa mkulima.